Hata mpagazi alipewa posho!

*Msomi wa kwanza wa ukoo akirudi Tabora likizo, nani atamlipia nauli ya kwenda kutetea haki za watu?*

HEBU leo tuulizane bila kuzugana. Wewe uliye chuo kikuu, wa kwanza kwenye ukoo wenu kukanyaga huko, ukishuka kwenye treni Tabora mwezi wa saba, likizo hiyo huwa ni ya nani? Ni yako? Ni ya mama? Ni ya baba mdogo mwenye shamba la tumbaku Urambo? Au ni ya yule mama mjane wa jirani aliyeficha karatasi zake za mahakama chini ya godoro, anasubiri "msomi arudi anisomee"?

Mimi niliishia kidato cha nne, kwa hiyo likizo yangu ni ndefu kidogo! Lakini ninao wenzangu niliokaa nao dawati moja ambao walipenya wakafika Dar, Dodoma na Mwanza. Kila mwaka wakirudi tunakutana kijiweni Isevya, na kila mwaka hadithi ni ileile. Mtoto wa kishua anatamba kuwa amepata "field" kwenye ofisi ya mawakili Dar. Hawamlipi hata senti, lakini anasema watu wa kujuana nao wamejaa tele. Mtoto wa mama ntilie anakaa kimya, anamaliza kahawa yake, na kesho yake unamkuta stendi chini ya mwavuli anasajili laini za simu.

Si kwamba huyu wa pili hapendi haki. Nani anaijua dhuluma kuliko yeye? Mama yake ndiye anayevunjiwa meza na mgambo. Shangazi yake ndiye aliyenyang'anywa nyumba siku arobaini ya mumewe haijafika. Tatizo lake ni moja tu: haki haina nauli. Ukienda kumsaidia mjane kijijini, mjane atakupa michembe na baraka zake zote, lakini kondakta wa basi hapokei michembe.

Wenzetu walivyolitatua

Marekani nako kuna watoto wa namna hii, na wamepewa hata jina lao: kizazi cha kwanza chuoni, yaani mwanafunzi ambaye baba wala mama hakumaliza chuo. Likizo yao ndefu inaangukia Juni hadi Agosti, wakati wa joto lao. Kipindi hicho baadhi ya vyuo na mifuko ya hisani humchukua mwanafunzi wa aina hiyo, humpa fedha za kuishi wiki nane au kumi, kisha humpeleka kwenye ofisi inayotetea watu. Huko anakutana na wapangaji wanaofukuzwa, vibarua waliodhulumiwa mishahara, wahamiaji na wafungwa. Anapewa mtu mzima wa kumlea kikazi, na anakutana na wenzake kujadili walichokiona. Likizo ikiisha anarudi darasani akiwa na uzoefu, na bila deni.

Usidhani walianza hivyo. Mwaka 1964 vijana karibu elfu moja, wengi wao wanafunzi wa vyuo, walikwenda jimbo la Mississippi kuwasaidia watu weusi kujiandikisha kupiga kura. Ilikuwa kazi ya kufa na kupona. Watatu, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, waliuawa mwezi Juni kabla hata kazi haijapamba moto. Sasa sikiliza hili: kila aliyetaka kwenda aliambiwa aje na dola 500 za dhamana endapo angekamatwa, tena ajigharamie chakula na safari. Unadhani nani aliweza? Wengi wao walikuwa weupe, watoto wa nyumba zenye nacho, kutoka majimbo ya kaskazini. Mwanafunzi mweusi masikini, ambaye vita ilikuwa yake hasa, alibaki akitafuta kibarua cha kulipia karo.

Mwaka huohuo wa 1964 serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa kumlipa mwanafunzi wa hali ya chini kwa kazi anayofanya akiwa masomoni, na baadhi ya kazi hizo ni za kuihudumia jamii. Polepole wakakubali ukweli mmoja mchungu: ukisema "karibuni wote, ila kila mtu na chakula chake", umeshamfungia mlango mwenye njaa.

Somo lilikuwa hapahapa kwetu

Kinachonishangaza ni kwamba sisi wa Tabora hatukuhitaji kwenda Mississippi kujifunza hilo. Barabara yetu ya zamani ilishalifundisha.

Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikakata Ugogo, ikaingia Unyanyembe, na kutoka hapa ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Kutoka pwani hadi hapa ilikuwa kama miezi mitatu kwa miguu. Wapagazi mashuhuri wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi, mababu wa wengi wetu. Mtu alibeba kama frasila mbili, kilo thelathini na kitu, begani au kichwani, jua lake na mvua yake. Kijana aliyekuwa hajawahi kufika pwani na kurudi alionekana bado mtoto.

Lakini mpagazi huyo hakubeba bure. Alipatana ujira kabla ya kuinua mzigo, mara nyingi kwa nguo, na njiani alipewa posho. Ndiyo, neno hilihili unalolisikia kila siku maofisini lilikuwa la barabarani: sehemu ya nguo au shanga za kununulia chakula kila kambi. Posho ikipungua, asubuhi mkuu wa msafara aliamka na kukuta mizigo imelala chini, watu hawapo. Wageni wengi waliandika kwa hasira kuwa wapagazi "wametoroka". Kumbe jamaa walikuwa wamegoma!

Tusifiche upande wa pili. Njia hiyohiyo ilipitishwa watu wenye minyororo shingoni, ambao hawakupatana na mtu ujira wala hawakuulizwa. Utumwa haukufutwa kisheria Tanganyika hadi mwaka 1922. Kwa hiyo ukipita Kwihara au chini ya miembe mizee iliyobaki kwenye njia ya misafara, kumbuka walipita watu wa aina mbili: aliyebeba kwa mapatano na aliyebebeshwa kwa nguvu. Tofauti yao haikuwa uzito wa mzigo. Mmoja aliweza kusema "hapana", mwenzake hakuweza.

Na ukitaka ushahidi kuwa safari huhitaji chakula, liangalie jina la mji wetu. Wazee husimulia kuwa Tabora limetokana na matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa ambavyo msafiri alijaza mkobani. Mji mzima umebeba jina la chakula cha njiani, halafu leo tunamwambia kijana aende kutetea haki Kaliua tumbo likiwa tupu!

Mwalimu, kijiji chenye njaa na bumu

Julius Nyerere aliingia Tabora School mwaka 1937. Alikuwa mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, lakini cheo cha baba si cheti: nyumbani hapakuwa na msomi wa chuo wa kumwelekeza njia. Akaenda Makerere, akarudi kufundisha St. Mary's hapahapa Tabora kuanzia 1946 hadi alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Katika miaka hiyo ya ualimu alikuwa pia kwenye chama cha TAA. Kwa maneno ya leo, kijana alikuwa na kazi ya mshahara mchana, na kazi ya haki baada ya kengele.

Mwaka 1964, akiwa Rais, alitoa mfano ambao wazee bado wanaurudia. Alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta shehena ya kuwaokoa waliobaki. Akila akatokomea, huyo ni msaliti. Naona mfano huo ni wa barabara ya misafara kabisa.

Miaka miwili baadaye mfano uligongana na wanafunzi wenyewe. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kuupinga utaratibu mpya wa Jeshi la Kujenga Taifa: miezi mitano kambini, kisha miezi 18 kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Mwalimu aliwaka. Wanafunzi zaidi ya 300 wa chuo kikuu wakarudishwa makwao, na yeye mwenyewe akaukata mshahara wake kwa asilimia 20. Wengi wanakumbuka ukali wake. Mimi nakumbuka zaidi hilo la mshahara wake, kwa sababu lilionyesha kuwa anayeomba wengine wajinyime huanza kwenye sahani yake.

Sasa tuje kwetu. Ule mfano wa kijiji bado ni mzuri, ila chakula chenyewe kimebadilika. Uchangiaji wa gharama uliingia vyuoni miaka ya mwanzo ya 1990. Bodi ya Mikopo ikaundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Bumu ni mkopo, msomaji wangu! Tangu marekebisho ya 2016, mkopaji akipata ajira hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Hata fedha ya mafunzo kwa vitendo, ambayo miongozo ya Bodi imekuwa ikiitaja kuwa Sh 10,000 kwa siku kwa siku zisizozidi 56, ni mkopo. Piga hesabu: ni Sh 560,000, nawe utazirudisha.

Kwa hiyo yule mjumbe wa kijiji siku hizi anasafiri na chakula cha kukopa. Atakirudisha, na juu yake anadaiwa shehena ya kuwaokoa wengine. Ukimwambia tena likizo akajitolee bure, usishangae ukikuta mzigo umelala chini na mwenyewe hayupo.

Kwa nini awe yeye?

Kijiweni kuna jamaa mmoja alinibana. Akasema, "Sasa si waende hao watoto wa kishua wenye nauli? Haki ni haki, haijalishi kaileta nani." Nikamjibu kuwa wakaribie sana, kazi ipo ya kutosha. Lakini kuna vitu havifundishwi darasani.

Chukua suala la ndoa za utotoni. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa Tabora asilimia 58 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufika miaka 18. Ni Shinyanga tu iliyotuzidi, tena kwa asilimia moja. Mwaka 2016 mwanasheria kijana Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kuvipinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, au 14 kwa kibali cha mahakama. Akashinda. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikampa ushindi tena.

Hukumu hiyo ni kubwa. Ila hukumu haina miguu ya kutembea hadi Sikonge. Nani atakaa na mzee aliyeshapokea ng'ombe wa watu, amsalimie "mwangaluka" kama mjukuu, amsikilize hadi mwisho, kisha amweleze bila kumtukana? Mtoto aliyekulia huko anajua mzee yule si shetani. Anajua deni la pembejeo lilivyomkaba baada ya mauzo ya tumbaku, na anajua ng'ombe wale walikusudiwa kuziba pengo gani. Anayejua pengo lilipo ndiye anayejua pa kuanzia mazungumzo.

Au chukua ardhi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata haliamui tena mgogoro wa ardhi, kazi yake ni kusuluhisha. Siku 30 zikipita bila suluhu, mtu anaweza kusonga mbele hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wangapi kijijini wanalijua hilo? Mwaka huohuo Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya mahakama, lakini nyaraka za zamani za Kiingereza bado zimejaa chini ya magodoro. Kuzisoma, kuzipanga kwa tarehe na kumwambia bibi "hii ndiyo muhimu, hii siyo" ni kazi ya likizo moja tu, na inaweza kuokoa shamba la ekari tano.

Milango ya kazi hiyo ipo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, na tangu 2023 Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia imezunguka mikoani. Hapa mjini tuna chuo kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo. Wanafunzi wapo, wajane wapo, sheria ipo. Kinachokosekana katikati ni ile nguo ya mpagazi.

"Posho inaua moyo wa kujitolea"

Najua kuna wakubwa watakaokunja uso. Watasema posho ndiyo iliyotuharibu, kila mtu anauliza "kuna bahasha?" kabla hajakaa kwenye kiti. Wana haki ya kusema, sote tumewaona wataalamu wa semina! Lakini tutofautishe. Ipo posho ya kukaa na ipo posho ya kutembea. Ya kukaa humlipa mtu kwa kuonekana ukumbini. Ya kutembea ni nauli ya kwenda Uyui na kurudi, sahani ya wali mchana, salio la simu la kumfuatilia karani, na kitu kidogo cha kumwachia mama ili asiseme "mwanangu kasoma lakini ni mzigo". Hiyo haiui moyo, inaupa miguu.

Wala haihitaji mamilioni. Shule za Tabora, za wavulana na za wasichana, zimetoa mawaziri, majaji na maprofesa wasiohesabika. Wakikutana kwenye harusi hupiga stori za bwenini hadi alfajiri. Ombi langu kwao ni dogo: chagueni kila mwaka vijana wachache wa kizazi cha kwanza chuoni, muwaweke wiki nane kwenye ofisi za msaada wa kisheria za mkoa huu, muwalipie posho ya kutembea. Isiwe mkopo. Kijana arudi chuo na barua ya uzoefu, kama ile ya mtoto wa kishua wa Dar.

Wewe mwenyewe ufanye nini?

Tusisubiri wakubwa tu. Kama ndiyo wa kwanza kwenu na unataka kuitumia likizo yako kwa haki, shika haya.

*Uliza mapema.* Kabla hujaomba nafasi, uliza kama kuna nauli na chakula. Si aibu. Babu yako alipatana kabla ya kuinua mzigo.

*Gawa wiki.* Siku tatu za ofisi, siku mbili za kutafuta shilingi. Waambie ofisi ukweli tangu siku ya kwanza.

*Usijifanye wakili.* Kusoma barua, kupanga karatasi na kumsindikiza mtu ofisini ni msaada mkubwa. Kuahidi ushindi ni utapeli, hata kama una nia njema.

*Kata yenu iache kwanza.* Hili ni gumu lakini ni kweli. Kijijini kwenu, aliyemnyang'anya mjane shamba huenda ni baba yako mkubwa, yule aliyeuza ng'ombe ukapata nauli ya kwenda chuo. Utasema nini kwenye kikao cha ukoo? Anzia kata ya jirani. Ukishakomaa, ndipo urudi kwenu na mtu mzima pembeni.

*Mwambie mama.* Mzazi ambaye hakusoma chuo anajua likizo ni kurudi shambani. Ukiondoka kila asubuhi na begi bila kuleta kitu, atadhani umepotea. Mweleze unakwenda kwa nani na kwa nini. Mara nyingi yeye ndiye atakayekuletea mtu wa kwanza wa kumsaidia, kwa sababu anawajua wote mtaani wanaolia usiku.

Na wewe unayemcheka mwenzako anayesajili laini stendi wakati ana akili za kuwa jaji, acha kumcheka. Muulize nauli ya Sikonge ni shilingi ngapi, halafu utazame mfukoni mwako.

Kwa leo naishia hapa. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tukutane ukurasa huuhuu.